Kwa Mama Yetu, Fundi Cherehani, Aliyemsubiri Mgeni Rasmi

Mwaka umetimia, Mama, tangu pumzi ikuishie kwenye ngazi ya zahanati ya kijiji chetu, umeketi, mgongo umeuegemeza kwenye mlango wa chuma, na utepe mwekundu ukining'inia juu ya kichwa chako. Dawa yako ilikuwa ndani. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa kaka yako. Hatutaandika kwamba uliugua kwa muda mfupi ukalala kwa amani. Hayo waandike wengine kwa watu wao.

Tunasema na wewe, lakini anayetaka kusikiliza asikilize. Wengi wenu mnaosoma hapa gazetini mlikuwepo siku ile, mmekaa kwenye viti vya kuazima, mmevaa nguo za sherehe. Nguo nyingine alizishona yeye.

Kijiji kizima kilikuita Mama Pindo. Hukuweza kuvumilia pindo lililofumuka. Ulimsimamisha mtu njiani, ukachuchumaa miguuni pake, pini zimejaa mdomoni, ukamshona akiwa amesimama huku akilalamika kwamba anachelewa. "Chelewa ukiwa nadhifu," ulimwambia. Hukumdai kitu kwa kazi hiyo. Ulisema pindo ni huduma ya kwanza.

Na maneno yako, Mama! Jirani alipokuja kugomba kwamba gauni lake umelibana, ulimtazama juu hadi chini ukasema, "Gauni ni lile lile, mwanangu. Ulizia upande wa pili." Mwalimu mkuu alipoleta suruali yake kuwekwa kiraka kwa mara nyingine, ulimwambia, "Mwalimu, suruali hii imesoma kuliko wewe. Iache istaafu." Alicheka, akakuachia ile suruali, ukamshonea kutokana nayo mifuko miwili ya chaki.

Nami, kitinda mimba wako, nilipokuja kukusomea tungo zangu huku cherehani inalia, ulisema, "Vina vipo, baba. Vifungo ndiyo havipo." Nikakujibu kwamba nguo zako zina vifungo lakini hazina vina. Ulicheka mpaka ukakohoa. Kucheka kwako kote kuliishia hapo, kwenye kukohoa, kisha kile kifaa chako cha kuvuta dawa, kisha ukimya mfupi, kisha cherehani ikaendelea. Tangu usichana wako pumu ilikaa nawe kama mpangaji asiyehama, na vumbi la vitambaa lilimlisha vizuri.

Hospitali iko ng'ambo ya mto. Kiangazi mtu huenda kwa pikipiki, matuta yakimtoa matumbo. Masika haendi mtu, isipokuwa kwa machela, mabegani mwa wanaume wanaojua mahali pa kukanyaga. Turubai la machela ile ulilishona wewe, mshono mara tatu, na kila iliporudi ulitoka nje kuitazama. Ilirudi na mtu anayepunga mkono, au ilirudi na mtu aliyefunikwa gubigubi. Uliichukua, ukaifua, ukaianika, hukusema neno mpaka jioni.

Ndiyo maana kijiji kilipoambiwa kitajengewa zahanati kikitoa matofali na nguvu zake, hakuna aliyefanya kazi kukuzidi. Baba alifyatua matofali, nawe ulimbebea maji. Bati zilipokuja uliziimbia. Ulishona mapazia ya bluu, mashuka ya vitanda, foronya, hata vifuniko vya ndoo. Muuguzi alipoletwa, binti mwembamba mwenye sauti kubwa tuliyemzoea kwa jina la Sista, ulimpima bila kumuuliza, ukamshonea koti jeupe jipya kwa sababu lile la serikali, ulisema, lilikatwa na mtu aliyekuwa na hasira. Mara dawa nazo zikaletwa. Masanduku yakapangwa kabatini. Kila kitu kikawa tayari.

Kisha mlango ukafungwa, na ukafungwa utepe.

Ni wewe uliyeushona. Kamati ilikuomba, ukatoa kipande cha satini nyekundu kilichobaki kwenye gauni la bibi harusi mmoja, ukakikunja, ukakipiga pasi, ukakitia ua katikati. Uliwaambia, "Mgeni rasmi akishindwa kuukata huu, mkono wake ndio mbovu, siyo utepe."

Wasio wa huku watashangaa kwamba zahanati yenye dawa na muuguzi ilikaa imefungwa ikisubiri mkasi. Hawajui kilichowapata jirani zetu wa bonde la juu. Wao walichimbiwa kisima cha pampu, wakaambiwa wamsubiri mkubwa aje kukizindua. Hawakusubiri. Alipofika akakuta akina mama wanateka maji, ndoo zimepangwa mpaka mahali pa kuegesha gari lake. Hakushuka. Gari liligeuza palepale. Pampu ilipoharibika, waliandika, wakaenda, wakapiga magoti, hakuja fundi. Mpaka leo ile pampu inafungiwa ng'ombe kamba. Basi kijiji chetu kikajifunza. Tulijifunza vibaya, lakini tulijifunza kwa bidii.

Mjomba, kaka yako, mwenyekiti wa kamati ya zahanati, ndiye aliyelisema kwenye mkutano: "Mtu yeyote asikanyage mle ndani mpaka mgeni aukate utepe. Mgeni ametuahidi gari la wagonjwa. Tukimuudhi, tutabaki na kuta." Akachukua ufunguo kutoka kwa Sista, akautia mfukoni. Sista alisema, "Mwenyekiti, mimi nimeletwa kutibu, sikuletwa kusubiri." Mjomba akamjibu, "Binti yangu, huku kwetu hata kusubiri ni kazi."

Na hapa, Mama, hatutakusitiri, maana wewe mwenyewe hukupenda nguo yenye kiraka kilichofichwa. Mkutano ulipopiga kura, uliinua mkono. Ulikubaliana naye.

Mgeni alisema atakuja Alhamisi. Tukafagia. Hakuja. Akasema Alhamisi nyingine. Tukafagia tena, watoto wa shule wakaimba mpaka sauti zikawakauka. Mbuzi wa kumchinjia mgeni alifungwa nyuma ya ofisi ya kijiji, akanenepa kwa kuahirishwa. Mbuzi yule alipovimba tumbo, bwana mifugo aliitwa haraka haraka, akaja na pikipiki na begi lake, akamchoma sindano, mbuzi akasimama. Baba alisema, "Ningejua, ningezaliwa mbuzi wa mgeni." Tulicheka sote. Ulicheka kuliko wote, ukakohoa, na kifaa chako cha kuvuta kikatoa hewa tupu.

Kilikuwa kimekwisha. Dada yetu mkubwa alikubembeleza uende ng'ambo ya mto ukachukue kingine kabla mvua hazijachanganya. Ulisema, "Niende nikapigwe matuta kutwa nzima, na dawa hii hapa iko hatua mbili kutoka kwenye cherehani yangu? Alhamisi wanafungua. Nitachukua hapa hapa kwetu." Hapa hapa kwetu. Ulilisema kwa majivuno, na tuliona fahari kukusikia.

Katika kusubiri kule alikuja mama mmoja kijana, mke wa dereva wa pikipiki, na mtoto mgongoni anayewaka homa, shingo imekakamaa. Alikujia wewe kwa sababu wewe ni dada wa mwenye ufunguo. Alikukuta kwenye cherehani. "Mama Pindo, nisemee kwa kaka yako. Anifungulie tu, nipate japo sindano moja." Ukainua mguu kwenye pedali, ukamtazama kwa huruma ya kweli, nasi tuliiona huruma ile, ukamwambia, "Vumilia, mwanangu. Alhamisi siyo mbali. Tukifungua mlango kwa mmoja, tutafungua kwa wote, tutakosa gari." Alikwenda ng'ambo ya mto na machela. Mtoto alipona homa. Masikio hayakupona. Leo ukimwita kwa nyuma hageuki.

Tunakupenda, Mama, na tumeyaandika hayo.

Alhamisi ya mwisho kulikucha jua kali. Mvua ilikuwa imekatika siku kadhaa, ardhi imekauka, na kijiji kizima kikatoka na mafagio. Ulifagia nasi, kitambaa umejifunga puani. Vumbi la uwanja wa mgeni lilipanda mpaka madirishani. Nilikuona umesimama, umeshika mpini wa fagio kwa mikono miwili, mabega yanapanda na kushuka. Nilidhani unacheka.

Tulikuketisha kwenye ngazi ya zahanati kwa sababu ndipo palipokuwa na kivuli. Sista alikuja mbio, akakushika mkono, akakutazama kucha, akapiga ukelele: "Mwenyekiti! Fungua mlango!"

Mjomba alikuwa amevaa koti lake la mikutano. Alisogea, akakutazama. Hatusemi kwamba hakukupenda. Aliweka mkono mfukoni, juu ya ufunguo.

"Mgeni yuko njiani," alisema.

"Dada yako ndiye yuko njiani!" Sista akamjibu. "Anaondoka! Nipe ufunguo!"

"Akifika akute wagonjwa ndani, utepe chini, nitamwambia nini? Nimewaambia watu wote wasubiri. Tumemkatalia mtoto wa mtu. Nifungue kwa dada yangu? Nipeni nafasi kidogo. Nakwenda kupiga simu, niombe ruhusa."

Simu kwetu hushika kwenye kilima nyuma ya shule, na si mahali pengine. Nilimkamata koti. Nilikuwa tayari kumvua. Ndipo wewe uliponyoosha mkono wako, Mama, na ukanipungia nimwache. Neno ulilitoa vipande vipande: "Mwache... mjomba wako... apige." Nikamwachia. Watu wote waliokuwa uwanjani walikuwa wakikutazama wewe, si yeye. Alipanda kilima kwa hatua za mtu mzima mwenye heshima zake, na ufunguo ulipanda naye mfukoni.

Tulipoukumbuka ufunguo, alikuwa ameshafika juu, mkono mmoja sikioni, mwingine ukitupungia tunyamaze.

Baba alimwita fundi wa kuchomelea, aliyeutengeneza ule mlango. "Ung'oe," Baba alisema. Yule fundi alikuwa amejisifu msimu mzima kwamba mlango wake hata tembo hauvunji. Aliupiga nyundo mpaka akalia. Ulikuwa mlango mzuri, Mama. Hakutudanganya.

Tukavunja kioo cha dirisha. Nyuma ya kioo palikuwa na nondo, na nyuma ya nondo mapazia yako ya bluu. Dada aliyavuta akayachana, ndipo tukaona chumba chote: vitanda bado vina nailoni, mashuka yako yamekunjwa vizuri, kabati jeupe lisilo na kufuli, na juu yake boksi dogo la dawa ambalo Sista alilijua kwa rangi. "Ndiyo hiyo! Hiyo hapo!" Alipitisha mkono kati ya nondo mpaka begani, na mpini wa fagio mkononi, akaligusa boksi, akalivuta, likasogea, likasogea tena. Watu wakanyoosha shingo kama wanaotazama mpira wa penati. Boksi likaanguka, likabingirika, likaingia chini ya kitanda.

Yule mama kijana, mke wa dereva wa pikipiki, alikuwepo, mwanawe kamshika mkono. Akasimama mbele yako. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayekurudishia chenji: "Vumilia, Mama Pindo. Alhamisi ndiyo leo." Hakuna aliyemkemea. Halafu alipiga magoti kwenye vumbi, akachukua upande wa nguo yake, akaanza kukupepea, na machozi yakimshuka akaendelea kukupepea mpaka mwisho. Ulimtazama. Midomo yako ilikuwa na rangi ya mapazia. Hatujui ulitaka kumwambia nini, na hatutakutungia maneno.

Kutoka kilimani tukasikia Mjomba akipiga kelele za furaha. Alishuka mbio, koti linapeperuka, mkono juu. "Wamekubali! Wamekubali! Wamesema mgonjwa aingizwe, ila utepe usiguswe!"

Alifungua. Ufunguo uliingia kwenye kufuli lile jipya bila kukwama hata kidogo. Tukakubeba, Baba kichwani, sisi ubavuni, na ili utepe usiguswe tuliinama wote, tukapita chini yake, kama watu wanaoingia kwa mfalme. Tulikulaza juu ya nailoni. Sista alichoma sindano. Alichoma nyingine. Alikupiga kifua kwa viganja vyake vyembamba mpaka Baba akamshika mabega. "Mwanangu," Baba alimwambia, "mwache. Huyu ameshapita." Sindano ya kwanza kuchomwa katika zahanati ile ilichomwa mkono usiohisi.

Tulipotoka, Mjomba alikuwa mlangoni. Utepe ulikuwa umelegea upande mmoja. Alikuwa anaukaza.

Mgeni hakuja siku ile.

Kaburini waliniambia niseme machache, mtoto wa mwisho, mwenye maneno. Nilisimama nikasoma ubeti huu, na mzee mmoja akanivuta shati niketi, sikuketi:

Ulishona mapazia, ukapamba na mlango,
Roho ilipokimbia, tuliambiwa mpango,
Mkubwa kumpigia, nawe wapinda mgongo,
Utepe ukabakia, Mama umekuwa pengo.

Ungesema vina vipo. Vifungo sikuvitafuta.

Mgeni rasmi alikuja udongo wa kaburi lako ukiwa bado mbichi. Wanakamati walichelewa kugundua kwamba mkasi wa sherehe haupo, wakatuma mtu nyumbani aje kuazima mkasi wako. Alisimama uani, kofia mkononi, akaeleza shida yake kwa adabu. Dada alikuwa anaosha vyombo vya msiba. Hakuinua uso. Alimwambia, "Mwambieni akate kwa meno." Wakatumia wembe wa kinyozi. Tuliambiwa mgeni alikutaja katika hotuba, akasema umejitoa kwa ajili ya afya ya jamii, na kwamba alikatisha sentensi katikati akamwinamia msaidizi wake kumuuliza unaitwa nani. Mbuzi alichinjwa. Gari la wagonjwa, alisema, liko kwenye mchakato.

Sasa tukwambie habari, maana ulipenda habari.

Zahanati inafanya kazi, Mama. Tunaiona kila siku na inatuchoma. Watoto wanachanjwa. Wajawazito wanapimwa. Mwalimu mkuu alikanyaga msumari, akachomwa ya pepopunda, akatoka anachechemea na kujisifu kama mwanajeshi. Wenye pumu wanapata dawa yao kwa kusema tu. Machela imetundikwa ofisini, buibui wameijengea. Kila anayetoka na pakiti ya vidonge mkononi anapita kwenye ile ngazi, anakanyaga pale ulipokuwa umeketi. Wengine wanajua. Wengine wameshaanza kutojua.

Lakini ufunguo bado uko mfukoni mwa kaka yako.

Asubuhi Sista anakaa nje na wagonjwa wake mpaka Mwenyekiti amalize chai aje kumfungulia. Jioni Mwenyekiti anafunga, anaondoka na ufunguo. Jumapili haupatikani. Sista alimwomba achongeshe wa pili. "Mali ya umma haina nakala," alijibu. Juzi juzi mkwe wa kinyozi alishikwa na uchungu Jumapili. Walimkimbilia Mjomba nyumbani, wakaambiwa yuko shambani. Walipomfikia shambani na kurudi naye, mtoto ameshazaliwa juu ya saruji ya ngazi, Sista amejivua koti lile ulilomshonea akamfunika nalo. Mtoto mzima, mama mzima. Ilikuwa bahati tu, na bahati kwetu haikai sana.

Tulipokutana nyumbani kuandaa tangazo hili, Mjomba alikuja. Alikuwa ameshatunga sehemu yake kichwani. "Niandikeni hivi," alisema, akikaa kwenye kiti chako cha cherehani bila kuuliza. "Kaka yake mpendwa, Mwenyekiti wa Kamati ya Zahanati."

Nilimwambia, "Mjomba, ukitoa ufunguo ukampa Sista leo, nitakuandikia jina na cheo, na utenzi mzima juu yake."

"Wewe usinifundishe kazi. Ufunguo si peremende ugawiwe kila anayelia."

"Mama hakulia," Dada alisema. "Hakuwa na pumzi ya kulilia."

Baba aliinama. Alikuwa anaokota pini sakafuni. Bado zinaonekana, Mama, kila tukifagia.

Ndipo Bibi, mama yenu nyote wawili, aliponena kutoka kwenye mkeka wake. "Mmoja nimemzika. Huyu mwingine mnataka kunizikia gazetini?"

Nikamwambia, "Bibi, hatumziki. Mlango uko wazi kwake. Atoe ufunguo, aingie."

"Nitamwambia mimi," Bibi akasema. "Mimi ndiye niliyemfundisha kutembea, hawezi kunipita."

Mjomba aliondoka amenuna. Kesho yake Bibi alichukua fimbo yake, akakataa kusindikizwa, akaenda kwake. Tulimsubiri. Tangazo lilikuwa tayari, limebaki jina moja tu, nafasi tumeiacha tupu. Bibi alimpenda yule mtoto wake, Mama, wewe unajua alivyompenda. Mkichuma maembe mawili, kubwa lilikuwa lake. Sote tulimwona akitoka na uso wa mtu anayekwenda kumrudisha mwanawe nyumbani.

Alirudi jua limekwisha kusogea. Alikaa mkekani, akanyoosha miguu, akaomba maji. Alikunywa yote kabla ya kusema.

"Amekubali," alisema. "Ufunguo atautoa."

Baba alishusha pumzi. Nikachukua kalamu.

"Amesema," Bibi akaendelea, "atautoa siku ya makabidhiano rasmi. Wameshamwandikia mgeni. Wanasubiri apange tarehe."

Hakuna aliyecheka, ijapokuwa wewe ungecheka. Nikamuuliza, "Bibi, tuandike vipi?"

Alitazama kikombe kitupu, akakigeuza mkononi.

"Msimwandike," akasema. "Na mkiulizwa nani kamtoa, semeni mama yake."

Basi wanaokukumbuka leo ni hawa: mumeo, mfyatua matofali, ambaye bado analala upande wake wa kitanda na kuuacha wako, mama yako mzazi, binti yako mkubwa, mwanao wa kati aliye mbali kikazi, aliyekosa kukuzika, mimi, kitinda mimba wako, wajukuu zako, wakwe zako, na Sista, ambaye si ndugu wa damu, tumemwandika kwa uamuzi wetu.

Hatutakusahau, Mama, na hatutamwacha mtu akusahau kwa raha.